Kompyuta yawauliza wanawake wa Kilatino yasiyoulizika

Wasichana wa Kilatino waliofika katika baadhi ya vituo vya afya vya shule mjini Los Angeles, Marekani, kutafuta huduma ya afya ya uzazi hawakuanza kwa kuzungumza na muuguzi. Walikabidhiwa kwanza tableti, yaani kompyuta bapa inayoendeshwa kwa kugusa kioo chake kwa kidole, wakaachwa nayo faraghani. Kila mmoja alichagua lugha aipendayo, Kihispania au Kiingereza. Kisha mashine ikamuuliza mambo ambayo pengine hajapata kuulizwa na mtu mzima yeyote, mama yake mzazi akiwemo.

Programu hiyo ilipewa majina mawili, Health-E You kwa Kiingereza na Salud iTu kwa Kihispania, na ilibuniwa chini ya uongozi wa Kathleen Tebb wa Chuo Kikuu cha California kilichoko San Francisco. Matokeo ya jaribio lake yalichapishwa mwaka 2021. Lilihusisha wasichana 1,360 wenye umri wa miaka 14 hadi 18, katika vituo 18. Vituo vingine vilipewa programu, vingine vikaendelea na huduma ya kawaida, ili pande mbili zilinganishwe.

Wale waliotumia tableti walizifahamu njia za kuzuia mimba kuliko wenzao, walijiamini zaidi kwamba wanaweza kuzitumia, na katika miezi iliyofuata wengi zaidi wao walikuwa wakizitumia kweli. Ni matokeo ya kutia moyo. Lakini ili kuelewa kwa nini nchi yenye madaktari wengi kama Marekani iliona haja ya kuitwika mashine kazi ya namna hii, yafaa kurudi nyuma kidogo.

Historia isiyosahaulika

Walatino ni wakazi wa Marekani wenye asili ya nchi za Amerika ya Kilatini: Mexico, Puerto Rico, Cuba, El Salvador, Jamhuri ya Dominika na kwingineko. Sensa ya mwaka 2020 iliwahesabu kuwa milioni 62.1, karibu mtu mmoja kati ya kila watano nchini humo. Wapo waliozaliwa Marekani na wasiojua Kihispania vyema, na wapo waliovuka mpaka wakiwa watu wazima na ambao Kiingereza cha hospitalini kwao ni fumbo.

Katika afya ya uzazi, wanawake wa jamii hiyo wamebeba mzigo mzito kuliko wanawake Wazungu wa nchi hiyo. Saratani ya shingo ya kizazi huwapata zaidi. Mwaka 2016 Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, CDC, kilikadiria kwamba, kwa mwenendo wa maambukizi wa wakati huo, mwanamke mmoja wa Kilatino kati ya 227 angeambukizwa virusi vya HIV katika maisha yake. Kwa wanawake Wazungu makadirio yalikuwa mmoja kati ya 880, na kwa wanawake Weusi mmoja kati ya 48.

Takwimu hizo pekee hazielezi kwa nini mwanamke huingia kliniki akiwa na mashaka. Mwaka 1956 vidonge vya kwanza vya kuzuia mimba vilianza kujaribiwa kwa wanawake maskini wa Río Piedras, kisiwani Puerto Rico. Kiasi cha dawa kilichokuwa katika kidonge kimoja kilizidi kwa mbali kile cha vidonge vya leo, na wanawake hao hawakuelezwa kwamba walikuwa katika majaribio. Daktari aliyesimamia kazi hiyo, Edris Rice-Wray, aliripoti kwamba asilimia 17 kati yao walipata madhara. Hata hivyo dawa hiyo iliidhinishwa rasmi mwaka 1960 kuwa ya kuzuia mimba.

Kisa cha pili kilitokea Los Angeles kwenyewe. Mwaka 1975 wanawake kumi wenye asili ya Mexico walifungua kesi inayojulikana kama Madrigal dhidi ya Quilligan. Walidai kwamba walifungwa kizazi katika hospitali kubwa ya umma ya mji huo bila ridhaa ya kweli. Baadhi yao walikuwa wamewekewa karatasi za kutia saini wakiwa katikati ya uchungu wa kuzaa, na karatasi zenyewe ziliandikwa kwa Kiingereza, lugha wasiyoisoma. Mwaka 1978 jaji aliamua kesi dhidi yao. Lakini shauri hilo lilizaa jambo: fomu za Kihispania zikaanza kutolewa, na sheria za kumpa mwanamke muda wa kufikiri kabla ya upasuaji wa aina hiyo zikakazwa. Mwaka 2018, miaka arobaini baada ya hukumu, serikali ya jimbo dogo la Los Angeles iliomba radhi.

Kwa hiyo mtu anaposema kwamba wanawake wa Kilatino ni wagumu kuelimishwa kuhusu uzazi wa mpango, hana budi kuulizwa: walielimishwa lini, na kwa lugha gani?

Haya mbele ya uso wa mtu

Waswahili husema mficha uchi hazai. Methali hiyo inafaa mno hapa, kwa sababu katika nyumba nyingi za Kilatino, kama ilivyo katika nyumba nyingi za pwani ya Afrika Mashariki na bara, habari za kujamiiana hazitajwi mbele ya wazazi. Binti anayeuliza sana hudhaniwa kuwa ameshatenda. Wasomi wa jamii hiyo huzungumzia fikra inayomtaka mwanamke awe mfano wa Bikira Maria, msafi, mvumilivu, asiyejua mambo. Na fikra pacha yake inayomtaka mwanamume ajue yote. Mwanamke anayetoa kondomu katika mkoba wake amevunja kanuni zote mbili kwa wakati mmoja.

Si kila Mlatino huishi hivyo, na vitabu vya kitaalamu mara nyingine huieleza jamii hii kana kwamba imeganda tangu enzi za mababu. Hata hivyo haya ipo, na haya ndiyo iliyowafanya watafiti wafikirie kompyuta.

Ushahidi wa awali ulitoka kwa wavulana. Mwaka 1998 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanywa kwa vijana wa kiume wapatao 1,700 wa Marekani, wenye umri wa miaka 15 hadi 19. Baadhi yao walijaza maswali kwenye karatasi. Wengine walivaa vipokea sauti masikioni, wakasomewa maswali yaleyale na kompyuta na kujibu kwa kubonyeza. Katika kundi la karatasi, asilimia 1.5 walikiri kuwahi kujamiiana na mwanamume mwenzao. Katika kundi la kompyuta walikuwa asilimia 5.5. Wavulana walikuwa wa aina ileile. Kilichotofautiana ni namna ya kuulizwa.

Sauti ile ya masikioni ina faida nyingine ambayo hutajwa kwa nadra: mtu asiyejua kusoma vizuri hasumbuki. Mwanamke aliyeacha shule akiwa darasa la nne kijijini Mexico anaweza kusikiliza swali mara tatu bila kumwonea haya mtu anayemngoja.

Isidhaniwe kwamba mashine hufungua kila kinywa. Njia hiyohiyo ilijaribiwa nchini Kenya kwa vijana ambao hawajaoa wala kuolewa, na matokeo kuchapishwa mwaka 2003. Hayakunyooka. Maswali mengine yalipata majibu ya wazi zaidi mbele ya kompyuta, mengine hayakubadilika, na mwelekeo haukuwa uleule kila mahali. Kijana ambaye hajapata kuiona kompyuta anaweza kuiogopa kuliko anavyomwogopa mgeni mwenye kalamu.

Inavyofanya kazi

Tofauti kati ya programu hizi na kijitabu cha kliniki ni kwamba kijitabu humwambia kila mtu maneno yaleyale. Kompyuta huuliza kwanza. Jibu la swali moja ndilo linaloamua swali lifuatalo, mfano wa njia panda zinazofuatana. Msichana akisema kwamba husahau kumeza dawa kila siku, hawezi kuelekezwa kwenye vidonge vya kila siku. Huonyeshwa sindano, vijiti vya chini ya ngozi ya mkono, au kitanzi. Akisema kwamba hataki nyumbani wajue, hilo nalo huzingatiwa.

Katika Salud iTu, mwisho wa maswali haukuwa mwisho wa safari. Muhtasari wa majibu ulipelekwa kwa muuguzi kabla msichana hajaingia chumbani, ili mazungumzo yaanzie pale penye haja. Dakika ambazo zingepotea katika kukwepana macho zilitumika kujibu maswali. Hapa ndipo penye siri ya mafanikio ya programu hiyo, na wengi wanaoiga teknolojia husahau sehemu hii: mashine haikumwondoa muuguzi, ilimtengenezea njia.

Wapo waliochukua mkondo wa hadithi. Tamthilia za televisheni za Amerika ya Kilatini, ambazo watazamaji wa Nairobi na Dar es Salaam wamezijua kwa miaka mingi zikiwa zimetafsiriwa, ni chombo chenye nguvu kubwa katika jamii hii. Mwaka 2000 watafiti wa Texas walieleza programu ya kompyuta iliyotumia tamthilia ya namna hiyo kuelimisha kuhusu saratani ya matiti, mtazamaji akishiriki kwa kuchagua. Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California walitengeneza filamu fupi iitwayo The Tamale Lesson, ambamo wanawake wa familia ya Kimeksiko, wakiwa jikoni wakitayarisha chakula cha sherehe, wanazungumzia kipimo cha saratani ya shingo ya kizazi. Waliilinganisha na filamu nyingine yenye maelezo yaleyale lakini yaliyotolewa kwa mtindo wa mhadhara. Miezi sita baadaye, pengo la kupimwa lililokuwapo mwanzoni kati ya wanawake wenye asili ya Mexico na wengine lilikuwa limezibwa miongoni mwa walioona hadithi. Wataalamu wa afya walishangaa. Bibi yeyote aliyewahi kumfunda mjukuu kwa ngano asingeshangaa.

Kuna pia waliowageukia wazazi. Antonia Villarruel, muuguzi na mtafiti mwenye asili ya Mexico ambaye mwaka 2014 alianza kuongoza kitivo cha uuguzi cha Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alikuwa ameandaa programu ya ana kwa ana kwa vijana wa Kilatino mjini Philadelphia, iitwayo ¡Cuídate!, yaani jitunze. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2006. Kisha akaandaa nyingine, Cuídalos, yaani watunze, ya kutumiwa na wazazi kwa kompyuta. Mzazi hujifunza namna ya kuanzisha mazungumzo na mwanawe, na maneno ya kutumia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba wazazi waliopitia programu hiyo walizungumza zaidi na watoto wao kuhusu mambo ya kujamiiana, na walizungumza bila kutaabika sana. Ni njia ya mzunguko, lakini yenye busara, maana mama hubaki nyumbani hata baada ya kompyuta kuzimwa.

Kihispania cha mashine

Kuweka Kihispania ndani ya kompyuta si kazi ya kubadili maneno tu. Mwaka 2010 jarida la Pediatrics lilichapisha uchunguzi wa maduka ya dawa ya Bronx, mjini New York, yaliyokuwa yakitumia programu za kompyuta kuandika maelezo ya dawa kwa Kihispania. Kati ya lebo 76 zilizochunguzwa, nusu zilikuwa na kasoro.

Neno moja linatosha kuonyesha hatari. Kwa Kiingereza neno "once" lina maana ya mara moja. Kwa Kihispania herufi hizohizo, ingawa hutamkwa vingine, zina maana ya kumi na moja. Mgonjwa anayepewa lebo iliyotafsiriwa nusu anaweza kusoma kwamba anatakiwa kumeza dawa kumi na moja kwa siku. Msomaji wa Kiswahili aelewa upesi: ndiyo taabu ya saa mbili asubuhi, ambayo kwa Mwingereza ni saa nane.

Aidha maneno ya mwili na ya mapenzi hutofautiana kutoka nchi hadi nchi. Neno la kawaida Puerto Rico laweza kuwa tusi Mexico. Ndiyo maana programu nzuri hazikuandikwa kwa Kiingereza kisha zikatafsiriwa. Zilianza kwa kuwasikiliza wanawake wenyewe wanavyosema.

Anayejua lakini hana kauli

Je, elimu ya kompyuta hubadili mwenendo, au hujaza vichwa tu? Mwaka 2009 uchambuzi uliokusanya majaribio 12 ya kuzuia HIV kwa kutumia kompyuta ulionyesha kwamba matumizi ya kondomu yaliongezeka, kwa kiasi kinachokaribiana na kile cha mafunzo yanayotolewa na binadamu. Mwaka uliofuata, kundi la watafiti wakiongozwa na Julia Bailey wa London lilipitia majaribio 15 yenye washiriki 3,917. Walibaini kwamba ujuzi uliongezeka kwa kiasi cha wastani, lakini mabadiliko ya mwenendo yalikuwa madogo.

Tofauti hiyo ya kujua na kutenda ina maelezo yanayofahamika. Kondomu huvaliwa na mwanamume. Mwanamke anayemtegemea mumewe kwa kodi ya nyumba, au ambaye hana hati za kuishi nchini na anaogopa kuripotiwa, anaweza kujibu maswali yote ya kompyuta kwa usahihi na bado asiweze kusema neno usiku. Hakuna programu inayoweza kumsemea.

Kwa sababu hiyo, mafunzo ya vikundi hayajapoteza thamani. Mpango wa SEPA, ulioandaliwa na Nilda Peragallo na wenzake, uliwakusanya mjini Chicago wanawake 657 wa kipato cha chini wenye asili ya Mexico na Puerto Rico. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2005. Mpango wa AMIGAS mjini Miami, uliochapishwa mwaka 2011, ulihusisha wanawake 252. Katika yote miwili wanawake walikaa pamoja na kufanya mazoezi ya kumwambia mwenzi maneno magumu, na wakaripoti kutumia kondomu zaidi kuliko wasiopitia mafunzo. Mtu hujifunza kusema kwa kusema mbele ya watu. Lakini vikundi ni ghali, vinadai mlezi wa watoto, nauli na jioni za kutosha. Mwanamke anayefanya kazi mbili hazimudu. Kompyuta inaweza kumfuata alipo.

Na je, inamfuata hadi wapi? Baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kubatilisha mwezi Juni 2022 uamuzi uliolinda haki ya kutoa mimba nchini kote, wanawake wengi walianza kuuliza nani anayeweza kuona yale waliyoyaandika katika simu zao. Swali hilo lilikuwa na msingi. Mwaka 2021 Tume ya Biashara ya nchi hiyo ilikuwa imefikia mapatano na kampuni ya Flo Health, iliyotuhumiwa kuwapa wengine habari za hedhi na mimba za watumiaji wake baada ya kuahidi kuzificha. Mwanamke aliyeiamini mashine kwa sababu haina uso ana haki ya kujua iwapo ina masikio ya pili.

Afrika Mashariki nayo

Wazo hili si geni katika ukanda wa maziwa makuu. Mwaka 2003 shule za Uganda zilizokuwa na kompyuta zilianza kutumia mtaala uitwao The World Starts With Me, wenye masomo 14, uliotengenezwa na mashirika ya Uholanzi kwa kushirikiana na SchoolNet Uganda. Wanafunzi waliongozwa na vijana wawili wa kuchorwa ndani ya kompyuta, David na Rose, huku wakijifunza kuitumia mashine yenyewe. Kwa baadhi ya wazazi, kivutio kilikuwa kompyuta zaidi ya somo.

Mtaala huo ulienea Kenya na nchi nyingine. Uganda ilipopiga marufuku elimu ya namna hiyo mashuleni mwaka 2016, ugomvi haukuwa juu ya kompyuta hata kidogo. Ulikuwa juu ya nani mwenye haki ya kumfunza mtoto mambo hayo: mzazi, mwalimu, dini au shirika la kigeni. Mwongozo mpya wa taifa ulizinduliwa mwaka 2018, na mabishano yakaendelea.

Kwa maelfu ya wazungumzaji wa Kiswahili waliohamia Marekani, wengi wao wakimbizi kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, suala la wanawake wa Kilatino liko karibu kuliko linavyoonekana. Mara nyingi mama hufika kliniki akiwa na mtoto wa miaka kumi na miwili aliyejua Kiingereza kabla yake, na mtoto huyo ndiye hutakiwa kumtafsiria maswali ya hedhi, mimba na magonjwa ya zinaa. Mtoto huruka maneno asiyoyajua, na mama huruka majibu asiyoweza kuyatoa mbele ya mwanawe. Kanuni za serikali kuu ya Marekani za mwaka 2016, zilizotokana na sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010, ziliwakataza watoa huduma wanaopokea fedha za serikali hiyo kutegemea watoto kuwa wakalimani, isipokuwa katika dharura. Mgonjwa anaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili bila malipo, hata kwa njia ya simu, na anaweza kuomba kwamba mtoto asubiri nje.